Kabla ya dira, jifunze pepo

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vyombo vya baharini Unguja, hasa mliotoka bara: dira ya simu itawaonyesha kaskazini bila taabu. Lakini nahodha akikwambia "sasa kaskazi imeshika", anazungumzia upepo, na pamoja nao miezi, mawimbi na safari zinazowezekana.

Kaskazi ni upepo wa msimu unaovuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huingia na masika, Aprili hivi, ukaendelea hadi Septemba, nao ndio mkali zaidi. Ongezeni -ni ya mahali mpate kaskazini na kusini: kule utokako kaskazi, kule utokako kusi. Shikeni hapo, maana ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapoteleza. Upepo huitwa kwa utokako, mkondo wa maji huitwa kwa uendako. Ukisikia kuna upepo wa kusini na mkondo wa kaskazini, ujue vyote viwili vinakwenda upande mmoja. Mkondo wa pwani yetu hukimbilia kaskazini. Kaskazi ikivuma kwa nguvu kuukabili, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama, na mashua ndogo hurushwa sana. Anayechanganya majina hayo atawaahidi wageni safari laini, kumbe anawapeleka kwenye upepo wa mbisho, yaani unaowapiga usoni.

Wala msitarajie pepo hizi zifuate mstari wa dira. Kaskazi hutokea kaskazini-mashariki. Kusi, huku kwetu chini ya ikweta, hutokea zaidi kusini-mashariki, ndiyo maana Jambiani na Makunduchi, vijiji vya pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, huupata vilivyo. Ukishavuka ikweta hupinda, ukafika Oman ukitokea kusini-magharibi. Kwa mzunguko huo majahazi ya Ghuba yalikuja Zanzibar na kaskazi, yakarudi na kusi. Kwa hiyo mzee akikuonyesha kusini na mkono wake ukaangukia mashariki kidogo, usimsahihishe. Mwulize upepo.

Mashariki na magharibi havina mambo mengi. Ni maneno ya Kiarabu, la kwanza pahali jua linapochomoza, la pili linapozama, na ndiyo maana sala ya machweo nayo ni magharibi.

Ninalopenda zaidi kuwafundisha vijana ni kibla, yaani upande wa Makka ambao Waislamu huuelekea wanaposali. Katika Kiswahili cha zamani neno hili lilitumika pia kwa maana ya kaskazini, na sababu yake iko kwenye ramani. Makka ipo karibu longitudo ya 39.8 mashariki, Mombasa 39.7, mji wa Zanzibar 39.2. Mtu wa pwani hii akielekea kibla, ameelekea kaskazini karibu sawasawa. Ukipotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, tafuta msikiti uone mihrabu, yaani kishubaka cha imamu kilicho upande wa kibla, imetokeza ukuta gani: huko ndiko kaskazini. Usiupeleke ujuzi huu Kigoma bila kuufikiria, kwani kule kibla imeshaegemea mashariki.

Kusini nako kulikuwa na jina jingine, suheli, nalo ni jina la nyota. Suheli ni ya pili kwa mng'aro katika anga la usiku. Mwezi wa Februari, kama saa tatu usiku, huonekana Unguja upande wa kusini, karibu katikati ya upeo wa macho na utosi wa anga. Jifunzeni kuitambua, kwa sababu nyota ya kaskazini inayosifiwa vitabuni haionekani kabisa kutoka hapa, iko chini ya upeo wetu.

Mwisho, tangambili, yaani kipindi cha kati ya misimu. Upepo hapo hauna upande. Asubuhi utatoka huku, alasiri kule. Miezi hiyo msiwaahidi wageni saa ya kurudi kabla hamjazungumza na nahodha asubuhi hiyohiyo, hata kama jana mlipita njia ileile.