Mwanamke unayekoroma, usijifiche, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo

Ijumaa usiku kuna dada kaniandikia, anasema ana miaka 38, anakoroma mpaka mumewe kahamia sebuleni, asubuhi anaamka kichwa kinamgonga kama hakulala kabisa. Swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, hivi nitamwambiaje daktari kitu cha aibu namna hii?" Nimelisoma nikalia, kwa sababu hiyo aibu naijua, imenila miaka minne.

Mimi nafanya hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo, nakaa Ukonga. Miaka ile nilikuwa nikipata siti kwenye daladala, kabla hatujafika Tazara nishalala. Naamshwa na konda Gongo la Mboto, "mama, mwisho wa gari," kituo changu cha Mombasa tulishakipita zamani, naanza kugeuza. Dukani nasinzia na mteja kasimama mbele yangu. Bosi akaniita pembeni akaniambia kama kazi imenishinda niseme. Yaani mtu unapanda kitandani saa tatu usiku, unatoka saa kumi na moja, halafu unaitwa mvivu, jamani inauma. Usiku chooni mara nne mpaka tano, presha iko juu, dawa naongezewa na haishuki, na kile kitu cha kukabwa, unashtuka pumzi hakuna kama mtu kakukalia kifuani.

Mama akasema ni jinamizi. Nikasomewa, nikaogeshwa dawa. Dua siidharau, naomba mpaka leo, lakini koo langu lilikuwa linaziba, na hakuna aliyelimulika hata kwa tochi. Jirani naye akanipeleka kwa mzee mmoja anayekata vimeo, nikafika mpaka mlangoni, nikakiona kile kisu nikarudi. Nawaomba sana, kimeo hakikatwi uani kwa mtu. Watu wanavuja damu, wanapata maambukizi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Sasa nisikilizeni hapa. Mwaka juzi tulikuwa na msiba ukweni, Mbagala, wanawake tumelala ndani kwenye mikeka kama kawaida. Wifi yangu akanirekodi nimelala, dakika mbili nzima, akairusha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Asubuhi naamka nakuta watu wamecheka, mmoja kaandika "TANESCO wakikata umeme tunalo jenereta." Mume wangu aliiona, akanyamaza. Nilipika chai ya msiba siku ile machozi yanadondoka, watu wakadhani namlilia marehemu. Kuanzia hapo sikulala tena kwa mtu, hata mama yangu alipoumwa nilikuwa namuuguza kwa kukaa kwenye kiti.

Aliyeniokoa ni nesi wa kliniki ya presha. Dawa ya tatu inaongezwa, yeye akaniuliza tu, "Mama, usiku unakoroma?" Hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuniuliza. Nikaandikiwa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Dokta swali lake la kwanza lilikuwa nani analala na wewe, amekuona ukilala? Nilikuwa nimeenda peke yangu, kosa hilo msilirudie. Basi nikaikumbuka ile video. Nikafungua simu mikono inatetemeka, nikaangalia ukutani. Dokta hakucheka. Akairudisha nyuma, akaangalia saa yake, akaniambia, "Hapa ndipo penyewe, umenyamaza sekunde 23, hewa haiingii, halafu ubongo unakushtua ndiyo unavuta kwa nguvu." Pale ninapovuta kwa nguvu ndipo ukoo mzima ulipocheka.

Akanipima shingo kwa futi ya kushonea, sentimita 41. Akanifungulisha mdomo, akapitisha kamera nyembamba puani mpaka kooni. Haiumi, inatekenya na machozi yanatoka basi. Akakuta ukuta wa kati wa pua umepinda na koo ni jembamba. Nikapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani usiku mmoja, mkanda kifuani, mpira puani, kidude kidoleni cha kusoma oksijeni. Majibu: pumzi inakatika au kupungua mara 34 kwa saa moja, oksijeni kwenye damu inashuka mpaka asilimia 78. Kawaida inatakiwa isifike mara 5 kwa saa, ikifika 30 ni kali. Ndiyo slipu apnia, yaani pumzi kukatika usingizini, na ndiyo ilikuwa inapandisha presha yangu miaka yote hiyo.

Nilidhani atanipasua pua niondoke nimepona. Akanieleza kwamba kunyoosha pua kutasaidia hewa ipite, ila kwangu mimi panapoziba usiku ni kooni, dawa ni mashine ya sipapu, inasukuma hewa kupitia barakoa koo lisijifunge. Hii kitu aliibuni Profesa Colin Sullivan kule Sydney, ikatangazwa 1981, na sisi mpaka leo tunaambiwa tumekaliwa na jini! Bei ni kubwa, sitawadanganya, ilibidi nipokee mchezo wangu na kukopa kikoba, na betri ya kushikiza umeme ukikatika nikanunua baadaye. Wiki mbili za kwanza barakoa nilikuwa naivua bila kujijua. Wiki ya tatu nikalala mpaka adhana ya alfajiri bila kwenda chooni hata mara moja. Presha sasa natumia dawa moja.

Siyo kila mtu ataambiwa mashine, wengine ni uzito, wengine ni kulala ubavu na kuacha pombe. Mtoto wako akikoroma kila siku na kulala mdomo wazi mara nyingi ni tonsesi au nyama za puani, mpeleke, usisubiri akue. Dar hii Muhimbili kuna idara nzima ya masikio, pua na koo, na rufaa unaweza kuanzia Amana, Temeke au Mwananyamala. Tuache kuchekana, mtu akikoroma halafu akanyamaza ghafla mwamshe, hiyo siyo sinema ya kurekodi umrushie shangazi. Wifi yangu hajaniomba radhi mpaka leo na nimeshaacha kusubiri.

Yule dada nimemjibu hivi: mwombe mumeo arudi chumbani usiku mmoja tu, akurekodi dakika kumi ukiwa umelala chali, na siku ya hospitali muende wote. Ukifika ukashindwa kusema neno, weka simu mezani kwa dokta, bonyeza, mwache asikilize.