Mama asichome kwanza

Dada, umeuliza kama sindano ya kupunguza uzito ya "homoni tatu" aliyouziwa mama yako hapo Majengo ni dawa ya kweli. Dawa hiyo ipo, inaitwa retatrutaidi. Inaiga GLP-1 na GIP, homoni za utumbo zinazotoka tukila, pamoja na glukagoni ya kongosho. Kwenye jaribio la Marekani lililochapishwa 2023, la watu wanene 338 wasio na kisukari, waliopewa dozi ya juu walipungua uzito wastani wa asilimia 24 kwa wiki 48. Ni kubwa mno hiyo! Lakini bado iko kwenye majaribio. Hicho kichupa cha unga kisicho na lebo, nani anajua kina nini?

Kinachonitisha zaidi ni glibenklamaidi anayomeza, ile dawa ya kisukari ya kushusha sukari. Sindano za aina ya retatrutaidi zinakata hamu ya kula. Akichoma halafu asile, sukari inaweza kushuka ghafla. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho, mpe haraka soda yenye sukari, siyo ya dayati, kisha mkimbize hospitali. Kichupa msikitupe, mwende nacho kliniki ya kisukari, daktari akione. Vipi, ameshachoma?