Hound Dog haikuanzia kwa Elvis
Je, wa kwanza kuimba wimbo wa Hound Dog ni Elvis Presley? Hapana, wa kwanza ni Big Mama Thornton, mwanamama mweusi mzaliwa wa Alabama. Aliirekodi Los Angeles Agosti 1952, na mwaka uliofuata ikakaa namba moja wiki 7 kwenye chati ya R&B (rhythm and blues), ambako ndiko muziki wa weusi ulikokuwa ukitengwa. Elvis akaja nayo 1956. Santuri yake, Don't Be Cruel ikiwa upande wa pili, ikashika kilele cha chati ya pop wiki 11, na watu wakaamini ni yake tangu mwanzo. Thornton alisema yeye aliambulia hundi moja tu ya dola 500.

Ila dai kwamba Thornton aliibiwa utunzi, hapo hapana: watunzi ni Leiber na Stoller, vijana wawili wazungu, wakati huo wana miaka 19, na walimtungia Thornton hasa. Elvis naye aliinasa kwa mwimbaji Freddie Bell kule Las Vegas, aliyekuwa ameyabadili maneno, ndiyo maana maneno hayafanani. Zisikilize zote mbili: Thornton anamtimua mwanamume kupe anayenyemelea mlangoni kwake, kwa Elvis ni mbwa kweli, tena hajawahi kukamata hata sungura.