"Whereby" sio "ambapo" jamani

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni kijana wa Nachingwea, nina diploma ya uhasibu. Nimeandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, kaka yangu akaisoma akasema neno "whereby" nimelitumia vibaya mara zote tano. Lakini aliyenichapia steshenari anasema hilo ndio neno la kiofisi, ukiandika "where" unaonekana wa sekondari. Nani mkweli? Na linatumikaje? Barua nimekutumia uione.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako kasema kweli ila kazidisha kidogo. Barua nimeisoma, "whereby" ziko tano kama alivyohesabu, nne mbovu na moja iko sawa kabisa, hiyo moja tutaifikia baadae. Huyo wa steshenari nae tutamfikia, nina ugomvi nae wa siku nyingi, sio yeye binafsi, wenzie wa kazi ile kwa ujumla.

Hapa Mtwara neno hili naletewa karibu kila wiki, kwenye barua za kazi, ripoti za field, maandiko ya miradi, mpaka mihtasari ya vikao. Na kila mtu ukimuuliza "whereby" maana yake nini anakujibu hapohapo bila kuwaza: ambapo. Sasa ugonjwa wenyewe ndio huo, mengine yote ni homa tu.

Ambapo yetu ni neno lenye ukarimu kupita kiasi. Inabeba mahali, kijiji ambapo nilizaliwa. Inabeba wakati, mwaka ambapo mvua ilikosekana. Afu siku hizi kwenye redio na magazeti imekuwa gundi, inabandika sentensi yoyote na yoyote, utasikia "ajali imetokea Mnazi Mmoja ambapo watu wawili wamejeruhiwa", au "mkuu wa wilaya amefungua kikao ambapo amewataka wananchi wachangie madawati". Hapo ambapo haina kazi zaidi ya "na". Kiswahili kinavumilia, hakuna anaekosa kuelewa, basi mtu anazibeba ambapo zake zote hizo anavuka nazo kwenda Kiingereza na kila inapotua anaandika "whereby".

"Whereby" yenyewe ni neno la zamani lililoungwa, "where" na "by", na maana yake ni "by which", yaani kwa njia hiyo, kwa utaratibu huo. Ana ndugu zake kina "wherein", "thereby", "hereby". Kwahiyo haisemi wapi, haisemi lini, wala haisemi nani. Inasema namna jambo linavyofanyika, ndio maana mbele yake lazima kuwe na neno linalotaja utaratibu, kama "system", "process", "method", "arrangement", "agreement", "procedure", "rule". Kama hakuna utaratibu uliotajwa, "whereby" haina kitu cha kushika.

Unajua tuliokota wapi hili neno? Form one. Mwalimu wa bayolojia aliandika ubaoni "Photosynthesis is the process whereby green plants make their own food", tukakariri mpaka tukaota. Wa historia nae akaja na "Barter trade is a system whereby goods are exchanged for goods", na mbele ya safari ikaja indirect rule, "a system whereby the British ruled through local chiefs". Sentensi zote hizo ni sahihi, hazina doa! Sasa sisi tumetoka shule ya msingi kila somo kwa Kiswahili, tumeingia sekondari ghafla kila kitu Kiingereza, mwalimu akituonea huruma anageuza, "yani ni mchakato ambapo mimea hutengeneza chakula chake". Tafsiri haina ubaya. Ila sikio likanasa kwamba whereby ni ambapo, na ile "process" ya mbele, ambayo ndio ilikuwa inaibeba sentensi nzima, tukaiacha kwenye daftari la bayolojia.

Haya tuje kwenye barua yako.

Umeandika "I worked in a warehouse in Nachingwea whereby I weighed cashew nuts." Ghala ni mahali, mahali ni "where", basi. Jaribu kutoa "whereby" uweke "by which" uone inavyogeuka: nilifanya kazi kwenye ghala na kwa kutumia ghala hilo nikapima korosho. Mwanangu, korosho zinapimwa kwa mizani. Na hiyo habari ya "where" kuwa ya sekondari ni uongo mtupu, majaji wanaiandika kwenye hukumu, mikataba ya gesi imejaa "where", hakuna aliyewahi kushushwa cheo kwa ajili yake.

Ya pili, "I hold a diploma in accountancy whereby I graduated in 2021." Hapa hata huhitaji kiunganishi, andika "I completed a diploma in accountancy in 2021", imeisha. Nusu ya hizi "whereby" ninazoletewa dawa yake ni kuzifuta tu na kuipanga sentensi upya, wala sio kutafuta neno lingine la kuziba.

Ya tatu umemtaja mhasibu mkuu, "I was supervised by the chief accountant whereby he taught me to prepare payment lists." Yule ni mtu, na mtu kwa Kiingereza anafuatwa na "who": "the chief accountant, who taught me to prepare payment lists". Na ukishaweka "who" ile "he" inaondoka, usiziache zote mbili kama watu wawili kwenye kiti kimoja cha bodaboda.

Ya nne ndio inayodanganya wengi, "The 2022 season was very busy whereby we worked until midnight." Inadanganya kwasababu kweli kuna uhusiano, msimu ulibana ndio mkakesha, kwahiyo mtu anahisi whereby inasema matokeo. Haisemi. Matokeo yana maneno yake, andika "so busy that we worked until midnight" na utasomeka vizuri zaidi ya huyo aliyekuchapia.

Kwa hiyo kipimo nilichokupa hapo juu kibebe, weka "by which" usome kwa sauti, ikileta maana acha, ikichekesha toa. Kuna watu wanafaulu hicho wanaanguka kwenye kinachofuata nyuma, wanaandika "whereby helping farmers". Baada ya "whereby" panatakiwa sentensi kamili, yenye mtenda na kitenzi chake. Ukitaka ile ya "-ing" mwite ndugu yake, "thereby helping farmers". Na "whereas" ni mtu mwingine kabisa, huyo analinganisha vitu viwili vinavyotofautiana, kama ilhali yetu. Kwenye mikataba "whereas" inakaa mwanzoni kwa maana ya kwa kuwa, na niliwahi kuletewa mkataba wa kukodisha shamba la mikorosho unaoanza "Whereby the owner has a farm", mwenye shamba kashaweka dole gumba. Sikucheka siku ile.

Sasa huyo wa steshenari. Steshenari sina tatizo nazo, zinatoa kopi, zinachapa, zinalaminisha vyeti, kazi halali. Tatizo ni pale kijana wa mashine anapogeuka mwalimu wa Kiingereza kwasababu tu keyboard iko kwake. Ana barua moja kwenye kompyuta, aliikuta hapo alivyoanza kazi, anabadilisha jina na tarehe anakutoza buku mbili, na ukimwambia mbona hii sentensi sijaielewa anakwambia ndio Kiingereza cha ofisini hicho. Niliwahi kukaa kwenye meza ya kuchuja maombi ya kazi, ofisi siitaji. Zikaja barua za vijana tofauti, wa Newala, wa Mikindani, mwingine wa Ruangwa, aya ya pili ni ileile neno kwa neno, na "whereby" ileile mahali palepale. Mmoja wetu akasema hawa lazima wamesoma darasa moja. Nikasema hapana, wamechapiwa mashine moja. Kulikuwa na binti mule alama zake nzuri mno, na barua yake ikawekwa kwenye rundo moja na wengine maana hakuna hata mstari mmoja uliokuwa wa kwake.

Wabaya zaidi ni wale wa magrupu ya wasap wanaouza pdf, Kiingereza cha maprofesa siku 21, buku tano unatumiwa. Nimeziona kadhaa, vijana wananiletea. Ndani ni orodha tu: badala ya "so" sema "hence", badala ya "but" sema "nevertheless", badala ya "where" sema "whereby", badala ya "also" sema "furthermore". Kama vile maneno ni mashati, unavua la kazini unavaa la harusini. Hakuna orodha ya namna hiyo duniani! "Hence" hubebi tu ukaipachika kila penye "so", "so I went home" ni sawa, ila "hence I went home" kwenye stori ya kawaida unasikika kama unasoma hati ya mahakama kwa mamantilie. "Nevertheless" haikai katikati ikashika sentensi mbili kama "but", inasimama mwanzo wa sentensi yake au baada ya nukta mkato. "Furthermore" inaongeza hoja juu ya hoja, sasa mtu anaanza nayo aya ya kwanza, anaongezea juu ya nini? Na hawahawa wanaokuuzia maneno ya kiprofesa ndio wanaandika "despite of", ile "of" haipo, na "although he was sick but he came", hiyo ni ingawa na lakini yetu imevalishwa kofia, Kiingereza kinataka moja tu kati ya hizo mbili.

Mtu ataniambia mwalimu mbona hata wakubwa kwenye semina wanasema "whereby" kila dakika. Ni kweli, Kiingereza chetu huku Afrika Mashariki kimeizoea sana, na mtu akiongea mi simkatizi, tunaelewana. Ila barua ya kazi anaisoma mtu ambae hakujui, huna nafasi ya kumwelezea ulimaanisha nini, na pengine yeye Kiingereza kakisomea kwengine ambako neno hilo lina maana moja tu. Anaona tu maneno makubwa yamekaa vibaya. Sentensi fupi ya "where" na "who" na "so" iliyonyooka haijawahi kumkosesha mtu intavyuu, hizi za kukodi ndio zinakosesha.

Nilikuahidi ile ya tano. Umeandika hivi: "I understand the warehouse receipt system, whereby farmers deposit their raw cashew nuts in a licensed warehouse and the crop is sold by auction." Hapo umepatia, na sidhani kama ulijua umepatia. Mbele una "system". Nyuma una sentensi kamili, mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinaingia ghala kuu, mnada unafanyika, hela inaingia benki, huo ni utaratibu mtupu na whereby ilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Stakabadhi ghalani, ndio hiyo "warehouse receipt system" uliyoitaja, kwenye korosho imeanza msimu wa 2007/2008, wewe ulikuwa mtoto bado, ila kwa sentensi hii naona umeikalia na kuijua, na kama sikosei hii uliiandika mwenyewe kwa mkono kabla hujaenda kuchapiwa, maana haifanani na zile nne. Waulize na hao waliokuchapia, nadhani hii ndio pekee ambayo hawakuigusa.

Kwahiyo hiyo iache kama ilivyo, mpaka mkato wake. Zile nne badilisha kama nilivyokuandikia. Na kingine nimekiona wakati namaliza, juu umeanza na "Dear Sir/Madam" afu chini umefunga na "Yours sincerely", hiyo ni ya mtu uliyemtaja kwa jina, wewe hujamtaja mtu kwahiyo weka "Yours faithfully". Chapa mwenyewe kwenye simu, steshenari nenda ukaprinti tu, na usikubali afungue faili akurekebishie.