Tafrija ya wajumbe 300: Shela au Ngomeni?

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Tunaandaa tafrija ya jioni ya wajumbe 300 wa mkutano hapa Lamu, na wengi watalala hoteli za mjini. Wakubwa wanataka ufuo wa Shela usiku wa mwezi mpevu. Mimi naona Ngome ya Lamu. Tushike lipi?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam. Ngome. Kabla ya mandhari, tazameni maji. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana: hapa kwetu maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni, yakapwa saa nne au tano usiku. Saa ya kuagana, boti ya kuwarudisha mjini kutoka Shela haitafika ngazini, na mgeni aliyevaa viatu vya mkutano atashuka vidato vya chini vyenye mwani, gizani. Hapo ndipo watu huteleza wakavunjika.

Hesabu vyombo pia. Boti 10 za abiria 12 hubeba watu 120. Kupakia, kwenda Shela, kushusha na kurudi ni karibu nusu saa. Watu 300 ni mikupuo mitatu, na wa mwisho watangoja gatini saa nzima.

Ngomeni watakuja kwa miguu. Kwa wageni wa kusimama, kadirieni mita 1 ya mraba kwa mtu. Wa kuketi mezani, karibu 2. Pimeni ua wenyewe kwa utepe, kisha mtoe jukwaa, meza za chakula na njia ya wahudumu. Ua ukiwa hautoshi, juisi ya ukwaju na sambusa za kupokelea zitolewe nje, uwanja wa Mkunguni. Jengo hili lilikuwa jela hadi 1984. Lango lake halikukusudiwa kupitisha umati. Meza ya kusaka majina isikae langoni kamwe: wageni watano wakisimama hapo, foleni yote imekwama. Taa zisimame kwa miguu yake, msipigilie msumari ukutani. Barua ya Makumbusho ya Taifa, wasimamizi wa Ngome, itaje saa ya kuingiza vyombo, si saa ya kuanza tu.

Mizigo ya bara itavuka kutoka Mokowe kwa boti, kisha punda na hamali. Pimeni jenereta dhidi ya kichochoro chembamba kuliko vyote itakamopita. Barafu, nusu kilo kwa mtu, yaani kilo 150, ifike mwisho.

Anzeni saa mbili usiku, Isha ikishaswaliwa. Mkianza saa moja, adhana itawakuta katikati ya hotuba, na kuzima spika si hiari.

Wakubwa wakishikilia Shela, waombeni tarehe 7 au 8 ya mwezi wa Kiislamu. Nusu ya mwezi itakuwa juu tangu magharibi, na maji, yakiwa mafu (hayajai wala kupwa sana), yatajaa karibu na saa nne usiku, wakati boti zinapakia.