Kabla ya Kununua Beringi ya Tatu, Gusa Shafti kwa Ukucha

Juma lililopita kijana mmoja wa Likasi, huku kwetu Kongo, aliniandikia. Anatunza mashine ya kuosha magari, ile ya brashi tatu ambayo fremu yake inatembea juu ya reli. Brashi ya kushoto inanguruma. Beringi ameshabadilisha mara mbili tangu mvua zianze, na sasa tajiri wake anamwambia anunue ya tatu. "Papa fundi, au wananiuzia feki?" Niliposoma, moyo uliniuma, maana kijana huyo ni mimi wa mwaka 2021.

Wakati ule nilikabidhiwa mashine ya mitumba iliyotoka Ulaya, imefungwa kando ya barabara ya Kasumbalesa, ukishatoka kidogo Lubumbashi. Wateja wengi walikuwa pikapu za migodini, zinafika zimevaa udongo mwekundu mpaka kwenye vioo. Brashi ya kushoto ikaanza kulia. Nilipofungua nilikuta beringi ya chini imekufa: kutu, gololi zimechubuka, grisi imekuwa uji wa kahawia. Namba yake ilisomeka, 6205. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, unapata tundu la milimita 25. Nje ni 52, unene 15. Nikanunua nyingine yenye mpira pande zote mbili, inayoandikwa 2RS, nikaweka na sili mpya, ile pete ya mpira inayobana shafti ili maji yasiifikie beringi, nikarudi nyumbani kifua mbele. Ikadumu wiki sita.

Ya pili ikadumu tano. Ya tatu haikumaliza mwezi: brashi ilikwama ikiwa imeegemea gari la mteja, mota ikachemka, swichi ya usalama ikaruka. Tajiri akaja, na mbele ya vijana wote wanaofuta magari akasema, "Wewe si fundi. Wewe ni muuzaji wa beringi." Nikakusanya spana zangu bila kujibu. Kazi ya tatu hakunilipa, lakini pesa hizo nilizisahau zamani. Maneno yake sijayasahau.

Jibu nililipata mwaka uliofuata, kwenye mashine nyingine kabisa. Nilikuwa nafuta shafti, yaani ule mhimili wa chuma unaozunguka, kwa kitambaa, na ukucha wa kidole gumba ukanasa. Nikarudia, ukanasa tena palepale. Palikuwa na mfereji mwembamba umezunguka shafti yote, mahali hasa ambapo mdomo wa sili unakaa. Nilikaa chini, nikaukumbuka mwezi mzima wa aibu yangu.

Mambo yanakwenda hivi. Maji ya kuoshea yakirudishwa kutumika tena kutoka shimo lililojaa tope, chembe ndogo za mchanga zinajibana chini ya mdomo wa sili. Hapo zinakula chuma taratibu, kama msasa. Ukiweka sili mpya, mdomo wake unaangukia ndani ya mfereji uleule, haubani. Maji ya sabuni yanapita, yanaiondoa grisi, na beringi yako mpya inaanza kufa siku hiyohiyo. Utalaumu duka, utalaumu Wachina, na shafti inakutazama tu.

Dawa ipo na si ghali. Kama nyumba ya sili ina nafasi, isukume milimita mbili au tatu ili mdomo ukae kwenye chuma kizima. Kama nafasi hakuna, valisha shafti bushi nyembamba ya chuma, au mpelekee fundi wa lezi, mashine ya kuchonga chuma, aijaze kwa kulehemu na kuichonga upya. Simama naye mpaka ailainishe vizuri. Shafti yenye makwaruzo itaumaliza mdomo wa sili mpya upesi. Kisha nenda kasafishe lile shimo la tope. Ukiliacha limejaa, mfereji utarudi.

Mengine nayapitia haraka. Mnyororo wa nusu inchi toka pini hadi pini: pima viungo kumi ukiwa umekazwa, ukiwa mzima ni milimita 127, ukifika 131 utoe, na magurudumu ya meno yakiwa yamepinda kama ndoano, yatoe pamoja nao. Pampu ya presha ikiwa na oili nyeupe kama maziwa, maji yameshapenya sili za ndani. Lakini ikipiga kelele kama inasaga changarawe, anza na chujio la upande wa kuvuta na mabomba yanayoingiza hewa, usikimbilie kuifungua.

Na vijana, nawasihi. Hapa kwetu umeme unakatika na kurudi bila hodi. Mashine ikisimama kwa sababu umeme umekwenda, hiyo haijazimwa! Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako wewe, si kwa mlinzi. Ndipo uzungushe brashi kwa mkono na kusikiliza. Usikubali tajiri akuharakishe kwa sababu magari yamepanga foleni. Foleni itaondoka, lakini vidole vikiondoka havirudi.

Jumamosi kijana wa Likasi alinitumia picha: shafti imefutwa ikang'aa, na mstari unaonekana hata bila ukucha. Nimemwambia aanze na shimo.

Mimi bado napita barabara ya Kasumbalesa. Ile mashine imefunikwa turubai, vijana wanaosha kwa mpira na ndoo. Kila nikipita napunguza mwendo. Ningepewa nusu saa tu, ningefungua upande wa kushoto, chini, nipitishe kidole.