Kitenge cha maua makubwa na ufupi wako

Mdogo wangu, umeuliza ushone nini na hicho kitenge cha maua makubwa, wewe mfupi mwembamba, na sendofu ya dada yako Ujiji ni wiki ijayo. Usikigawe! Shida si maua, ni pale fundi anapoyaweka. Ua la ukubwa wa sahani likikaa katikati ya tumbo, watu wataliona ua kabla yako. Mwambie fundi akitandaze chote kabla hajashika mkasi, ua moja lianzie begani lishuke upande mmoja. Au kitenge kiwe sketi tu, kiuno kipandishwe juu kidogo, na blauzi ichukue rangi iliyomo humo humo kwenye kitenge. Hapo jicho linapita moja kwa moja bila kukukata vipande viwili. Blauzi nyeupe juu ya sketi nyeusi, na mkanda mpana katikati, ndiyo inayokukata.

Wanaosema mfupi avae nyeusi tu wanakuonea. Haradali, kijani, hata nyekundu, vaa.

Mabega ya puto yaache. Mimi nilishonewa hayo kule Mwanga mwaka jana, kichwa kikazama kama kobe, na picha bado zipo.

Urefu: juu ya goti kidogo, au hadi kwenye kifundo. Gauni likiishia katikati ya shavu la mguu, mguu unaonekana mfupi zaidi. Na ukienda kupimwa upindo, beba viatu utakavyovaa siku hiyo, si ndala.